Sindano ya Miezi Tisa

Jumanne, 12 Mei 1998

Hujambo, daftari. Hali yako? Mimi mzima, ila bega hili la kulia linaniuma kwa kusukuma mashine ya kufuma. Sijui kuandika bila kusalimu. Shuleni tulifundishwa barua peke yake, nikaacha darasa la sita kabla ya mengine.

Sweta tatu leo. Shule zimefunguliwa, baridi iko karibu, kila mzazi anataka ya mtoto wake itangulie. Uzi wa kijani umeisha maduka yote ya Thika. Wa bluu ninao.

Njeri alikuja kutoka Ruiru na watoto wake wawili. Leo ni siku yake ya kupumzika kule kampuni ya maua. Kamau hakunisalimu. Hasalimu mtu. Ana miaka minne na hajawahi kusema hata "maji". Alikuja moja kwa moja akaketi kando ya mashine, akatazama kigari cha uzi kikienda na kurudi. Anaweza kukaa hapo mpaka jioni. Amepewa jina la marehemu mume wangu, kwa hivyo mimi humwita Baba Njeri. Wateja hucheka. Yeye hacheki.

Kadogo ketu, Wambui, ndiye amebeba jina langu. Amefika miezi tisa. Miezi tisa ni sindano ya surua, hilo kila mama anajua. Nikamuuliza Njeri anampeleka lini. Akasema hampeleki. Nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia vilevile, akamfunga mtoto mgongoni, akamshika Kamau mkono, akashika njia ya steji ya matatu.

Nikadondosha vitanzi vya mkono mzima wa sweta. Nikafumua. Mpaka sasa nimekasirika.

Jumatano, 13 Mei

Nimejua imetoka wapi.

Kwenye ploti ya Njeri, hizo nyumba za kupanga, kuna jirani anaitwa Mama Shiku. Anafanya kazi ya kupika kwa familia moja ya Wahindi hapa Thika mjini. Binti yao ameolewa London. Juzi alipiga simu, mama yake akawa anasema kwa sauti hapo sebuleni: ati huko watu wameogopa sindano ya surua, ati inaharibu akili ya mtoto, anaacha kuongea. Mama Shiku alikuwa anakanda chapati. Jioni maneno yalikuwa Ruiru.

Njeri hakuhitaji zaidi. Kamau alidungwa akiwa na miezi tisa. Kamau haongei. Imekwisha. Akasimama pale kwa mfereji wa maji wa ploti akawaambia akina mama wote, na Kamau amesimama kando yake akizungusha kifuniko cha ndoo. Nani atabisha? Mfano walikuwa nao mbele ya macho.

Haya nimeambiwa na Njeri mwenyewe, kwa simu ya duka, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Mwaka jana tulimpeleka Kamau kwa daktari Nairobi. Alimwangalia muda mrefu, alikuwa mpole. Alitupa neno: otizimu. Ninaandika nilivyosikia. Nikamuuliza imetoka wapi. Akasema hajui. Nikauliza dawa. Akasema hakuna. Tulirudi na hilo neno kama mtu anayetoka sokoni na kikapu kitupu. Sasa London imempa Njeri kitu cha kuweka ndani.

Jumapili, 17 Mei

Kanisani. Muhubiri mgeni, kijana, suti nzuri. Baada ya ibada alinivuta kando, mtu alikuwa amemwambia habari za mjukuu wangu. Akasema ni pepo la ububu, aletwe akemewe. Nikamwambia mtoto hana pepo. Akatabasamu, akasema bibi huwa haoni kwa sababu ya upendo.

Nikaondoka bila kumpa mkono. Nampenda Mungu. Watu wake wananichosha.

Jambo lingine. Mama Wairimu wa Githurai 45, tunayeimba naye sauti ya pili, hakuja. Mjukuu wake ana surua. Wanasema imeingia huko na inaruka nyumba hadi nyumba. Kutoka Githurai mpaka Ruiru ni mwendo wa kufumba macho.

Jumanne, 19 Mei

Leo mashine imenishinda. Nimekuwa nikimfikiria Nyambura.

Alikuwa kifungua mimba wangu, kabla ya Njeri. Tulikuwa tunaishi kwenye mashamba ya kahawa Ruiru, nyumba za laini, chumba kimoja kimoja. Surua iliingia mwanzo wa laini ikaenda mlango kwa mlango. Siku hizo mtoto wa surua alikuwa hatolewi nje, na hapelekwi hospitali, kwa sababu akidungwa sindano vipele vinarudi ndani. Hivyo ndivyo tuliambiwa. Tukafunga dirisha kwa gunia. Tulifanya kama wote. Alilia, halafu akawa halii, na mama mkwe wangu akasema ni vizuri, amepata usingizi.

Njeri anajua jina la Nyambura. Zaidi ya hapo hajui. Sikumwambia, na leo pia sijui ningeanzia wapi.

Alhamisi, 21 Mei

Nimetoka Ruiru. Tumegombana. Sijawahi kugombana hivyo na mtoto wangu.

Nilienda na maneno nimeyapanga. Nilimweleza Nyambura yote, pamoja na gunia. Alilia. Nikaona sasa ameshika. Kisha akasema amesikitika sana, na bado hampeleki. Hapo nikachemka. Nikamwambia ni ujinga, nikamwambia anaua mtoto wangu wa jina kwa maneno ya jikoni ya watu. Nikasema kila mtoto wa Kenya amedungwa hiyo sindano na wanaongea mpaka wanatuumiza masikio. Yeye mwenyewe alidungwa, na anajua kuongea kuliko redio.

Hakucheka. Alikuwa anaosha vikombe. Akaacha, akaniita mama kwa lugha yetu, akasema polepole:

"Maitu, kama si sindano, basi ni mimi."

Akachukua vikombe tena. Akaanza kunihesabia. Watu wa ploti walisema ni kwa sababu Kamau hana baba. Kazini walisema ni dawa za kupulizia maua, mbona aliendelea kufanya kazi na mimba. Shangazi yake wa Gatundu alisema ni jina, marehemu alikufa akiwa na jambo moyoni, mtoto amekuja amefunga mdomo. Yule muhubiri, maneno yake yamefika mpaka Ruiru, anasema pepo, na pepo huingilia kwa mlango, na mlango ni nani? Miaka minne. Kila mtu akimwangalia Kamau, anamaliza kwa kumwangalia yeye. Ilipokuja hiyo simu ya London, akalala usingizi siku hiyo mara ya kwanza.

Nilidhani nimekuja kumwondolea ujinga. Kumbe nilikuja kumwondolea kitanda.

Nikarudi nyumbani bila hata kunywa chai.

Jumapili, 24 Mei

Niliomba leo kwa hasira. Sijui kama inaruhusiwa.

Nilimwuliza Mungu kwa nini hakuwapa madaktari neno moja tu, la kusema "ni hiki". Angesema ni hiki, sindano ingeachwa peke yake na Njeri angeachwa peke yake. Badala yake ametuachia shimo, na kila mpita njia anatupa takataka yake humo.

Mama Wairimu bado hajaonekana. Wanasema mtoto anahema kwa shida.

Jumanne, 26 Mei

Njeri ameniletea watoto. Msichana wake wa kazi amerudi kwao, na kampuni ina maua mengi ya kufunga wiki hii. Aliwaacha mlangoni. Tunaongea kama watu wa ofisi. Maziwa yako hapa, nguo ziko hapa.

Kamau yuko kando ya mashine. Nimemwambia, Baba Njeri, leo tutafuma ya bluu. Hakusema kitu. Lakini nilipotaka kupumzika alichukua mkono wangu, akaurudisha kwenye kigari. Ni kama fundi anayenisimamia.

Alhamisi, 28 Mei

Lazima niandike hili.

Hapa Makongeni, mtaa wetu wa Thika, kliniki ya watoto ya sindano ya surua ni Alhamisi. Mtoto niko naye. Mama yake yuko Ruiru anafunga maua. Na Wambui ni mimi. Kwetu ndivyo ilivyo, mwenye jina lako ni wewe. Njeri hawezi hata kumfokea huyo mtoto, humwita maitu kama anavyoniita mimi, na akiita tunageuka wawili. Basi nikajiambia, Wambui akiamua kwenda kudungwa sindano, ni nani wa kumzuia?

Nikamwacha Kamau na jirani aliyekuja kusaidia kushona vifungo. Nikajifunga mtoto mgongoni kwa leso. Nilikuwa natembea haraka kama mwizi. Nikafika getini. Nikaona akina mama wameketi kwenye benchi, kila mmoja na wake mapajani. Kila mmoja ni wake.

Sikuingia.

Nilimwona Njeri moyoni mwangu, siku akija kuwachukua, akimvua mtoto nguo, anaona alama mkononi. Mtoto angekuwa amepata sindano, na mimi ningekuwa nimempoteza mama yake. Na mtoto akipata hata mafua tu baadaye, itakuwa ni mimi. Nitakuwa nimeongeza jina langu kwenye ile hesabu ya vikombe.

Nikarudi. Nimejikasirikia kwa kwenda na nimejikasirikia kwa kurudi.

Jumapili, 31 Mei

Njeri amekuja kuchukua watoto. Nilimwambia nilifika getini. Sikutaka aambiwe na mtu mwingine, maana Makongeni hapana siri.

Nilingoja anifokee. Aliketi kwenye kitanda changu, mtoto mapajani. Kisha akamwita: "Wambui." Kwa jina, si maitu. Mtoto akageuza shingo, akamwangalia, akacheka na lile jino moja.

Njeri akasema hivi ndivyo amekuwa akifanya tangu mtoto azaliwe. Anamwita akiwa nyuma ya mlango. Anamwita akiwa amefunika uso kwa taulo. Kila mara anageuka. Kila mara roho yake inarudi.

Kisha akasema, "Kamau hakuwahi kugeuka. Hata kabla ya sindano, maitu. Nilijua kabla."

Alikuwa akimnyonyesha Kamau, mtoto anatazama ukuta. Alikuwa na miezi minne, mitano. Alijiambia ni wanaume tu, wanachelewa. Hakumwambia mtu. Na miezi tisa ilipofika, na sindano, na bado kimya, ikawa ni kama kimya kimeanzia hapo.

Nilimshika. Sikusema "unaona sasa". Namshukuru Mungu kwa kuufunga mdomo wangu kwa mara moja maishani.

Atampeleka Wambui mwenyewe Alhamisi, kliniki ya kwao Ruiru. Ameniomba twende pamoja.

Alhamisi, 4 Juni

Nimekasirika, samahani kwa mwandiko.

Tulifika mapema. Mimi, Njeri, Wambui, na Kamau akiwa ameshika sketi yangu. Benchi lilikuwa tupu. Mama mmoja tu, kutoka upande wa reli, na mtoto wake. Tukangoja. Nesi akatoka, akatazama benchi, akarudi ndani. Tukangoja tena. Mwishowe akatuambia twende nyumbani.

Njeri akauliza kwa nini, dawa imeisha? Nesi akasema dawa iko, kwenye friji. Lakini chupa moja ni ya watoto kumi, na ikishafunguliwa hailali, inayobaki inamwagwa. Hawezi kufungua chupa kwa watoto wawili. Wakubwa huko juu watamuuliza.

Nikamwambia sista, surua iko Githurai. Akasema anajua iko Githurai, kwani anaishi wapi? Akasema siku za nyuma Alhamisi alikuwa anakosa pa kukanyaga. Tangu mwezi jana hawaji. Kuna mama wa ploti fulani, akasema, ameeneza maneno, na mtoto wake ndiye mfano. "Akikuja hapa nitamwambia ukweli wake."

Njeri alikuwa amesimama mbele yake. Kamau alikuwa ameweka shavu kwenye ukuta wa kliniki, anausugua kwa kidole, juu chini, juu chini. Nesi akamwangalia Kamau. Kisha akamwangalia Njeri. Akageuka, akarudi ndani.

Nyumbani Njeri hakula. Alizuia wote, na sasa anawahitaji wote. Mimi nami nilikuwa na hasira na nesi, na chupa, na London, na yule muhubiri, na hata huyo Mama Shiku na chapati zake. Hasira nyingi na hakuna pa kuziweka.

Jumapili, 7 Juni

Baada ya kanisa nilipanda matatu kwenda Ruiru. Mama Wairimu alikuja leo kanisani. Mtoto amepona surua lakini jicho moja lina ukungu. Alinieleza tukiwa tumeshikana mikono.

Jumapili maji ya ploti huja mchana, kwa hivyo akina mama wote huwa kwa mfereji. Njeri alishuka na ndoo, na Kamau, na Wambui mgongoni. Nikaketi kwenye ngazi. Aliniomba nisiseme kitu.

Akawaambia anampeleka mtoto Alhamisi, na chupa haifunguliwi bila watoto kutosha, kwa hivyo anawaomba waje na wao.

Kisha Mama Shiku akacheka, na si vibaya, anacheka kila kitu. Akasema, "Mama Kamau, si ni wewe ulituambia tukimbie? Leo sindano imeokoka?" Wote wakacheka. Njeri pia karibu acheke.

Kisha akaweka ndoo chini akasema Kamau hakuharibiwa na mtu. Alikuja hivyo. Akawaambia yale ya kunyonyesha na ukuta. Aliyasema mbele ya wanawake wale wale waliosema hana baba ndio maana. Sauti yake ilikuwa inapanda na kushuka lakini alimaliza.

Mama Shiku akauliza, "Kwa hivyo ile simu ya London ni uongo?"

"Ya London siijui," Njeri akasema. "Najua ya nyumba yangu."

Mmoja akauliza, basi kama si sindano, ni nini? Njeri akasema hajui. Akarudia, hajui. Niliona hilo ndilo liliwauma zaidi. Walitaka awape kitu kingine cha kushika mahali pa sindano, na hana. Maji yaliendelea kumwagika, ndoo ya mtu ilijaa ikafurika, na hakuna aliyefunga mfereji.

Mama Shiku alijitwika ndoo akaenda, bila neno baya. Wengine walisema wataona. "Tutaona" ya Ruiru ni kama hapana iliyovaa nguo safi.

Alhamisi, 11 Juni

Walikuja. Si wote. Mmoja alikuja amejifunika kitenge mpaka macho, kama tunaenda kuiba. Yule mama wa reli alikuja na dada yake na mapacha. Mungu awabariki mapacha. Mama Shiku hakuja.

Watoto hawakufika kumi. Nesi alituhesabu, akahesabu tena, akaguna. Akaingia ndani. Tukasikia mlango wa friji.

Kamau hakupenda harufu ya spiriti. Alijitupa chini akapiga ukelele, ule wake mrefu. Wanawake wakaanza kuangaliana. Mama mmoja akainuka, akamchukua mtoto wake, akatoka getini na hakurudi. Nilikaa chini sakafuni na Kamau na nguo yangu ya kanisa. Nilikuwa nimechoka kuona haya kwa sababu yake, kwa hivyo sikuona haya.

Njeri alimshika Wambui mwenyewe. Alitazama sindano ikiingia. Mtoto alilia kidogo tu, mama alilia zaidi.

Nesi akasema joto la mwili linaweza kuja baada ya wiki moja hivi, tusiogope. Nenda kamwambie Njeri asiogope.

Jumamosi, 20 Juni

Njeri amechukua likizo ya siku mbili, amekuja kukaa kwangu na watoto. Joto limekuja, kama nesi alivyosema. Si jingi. Mashavu mekundu, vipele vichache kifuani. Tumempa maji, tumemfuta kwa kitambaa.

Tangu asubuhi tunamwita. Njeri anaita kutoka mlangoni. Wambui. Anageuka. Mimi naita kutoka kwa mashine. Wambui. Anageuka. Nilimcheka Njeri moyoni, kisha nikagundua mimi ndiye nimeita zaidi. Nilisema siamini maneno ya London. Siyaamini. Lakini niliita.

Mchana amechoka nasi. Njeri aliita, naye akatuangalia mmoja mmoja, akakunja uso, akauficha kwenye titi la mama yake. Hataki kuitwa tena. Njeri alicheka mpaka machozi yakatoka. Sasa wamelala wote wawili, na nje jua limetoka kidogo.

Kamau yuko hapa kando yangu, anatazama uzi. Sijamwita. Nimeweka mkono wangu kichwani mwake na ameuacha hapo.

Bwana, kwa huyu mdogo, asante. Kwa huyu mkubwa nimekuuliza siku nyingi, na sijaacha kuuliza. Tafadhali nijibu mapema.